Sauti ya Kwanza ya "Mvua ya Lembeni"

Niliondoka Arusha Jumatano alfajiri kwa sababu mtu mmoja wa Nairobi aliandika kwamba bendi yake itapiga wimbo wetu, na mimi sikuamini kuwa Nairobi ya siku hizi kuna bendi inayoweza kupiga hata kengele ya shule.

Barua ilikuja kwa kompyuta. Mpwa wangu aliichapisha kwenye duka la intaneti akaniletea. Mwandishi alijiita Bwana Kariuki, mtu wa benki, mkazi wa Loresho, mwenye bendi kubwa ya jazi ya wapulizaji tisa. Alisema ujanani alikuwa akisimama nje ya ukumbi wa dansi akitusikiliza sisi, Lembeni Jazz, enzi zile tulipokuwa tukipiga Nairobi. Jumapili hiyo alasiri bendi yake ingepiga nyimbo za bendi kubwa za zamani katika hoteli moja ya Westlands. Nyimbo zote alikuwa amezipata isipokuwa mmoja, "Mvua ya Lembeni". Hauna santuri wala kanda. Njoo utuimbie tuuandike, alisema, na usipokuja basi hakuna atakayeusikia tena.

Hapo alisema kweli, na iliniuma. Mwenye bendi yetu alikataa turekodi, akiamini kwamba watu wakiwa na santuri nyumbani hawatakuja dansini. Wimbo ule haukuwa hata na maneno, ulikuwa wa kupuliza mwanzo hadi mwisho. Aliutunga Athumani, kiongozi wetu, aliyepiga saksafoni ya kwanza. Mimi nilipiga ya pili na Zablon alipiga tarumbeta. Athumani tulimzika zamani. Zablon kwangu alikuwa amekufa vilevile, maana Jumamosi moja aliokoka mchana kwenye mkutano wa injili, na jioni akaiacha tarumbeta kitini akaenda zake huku watu wameshalipa kiingilio. Tangu siku hiyo sikumsemesha.

Kutoka Namanga hadi Kajiado nilijifurahisha kwa kupanga kichwani bendi kubwa nilizozipenda. Ya kwanza ilikuwa ya vijana wa reli, waliopuliza kana kwamba mshahara wao wote umo ndani ya tarumbeta. Ya pili ilikuwa ya polisi, watu wenye sura za kukamata wezi na saksafoni laini kama sauti ya mama. Ya tatu ya mashamba ya mkonge, walevi watupu, lakini wakianza huwezi kukaa. Lembeni Jazz sikuipa namba kwa sababu mtu hajipangi mwenyewe. Kisha nikapanga za leo. Orodha hiyo niliimaliza kabla basi halijabadilisha gia, kwa kuwa haikuwa na kitu. Bendi ya siku hizi ni kijana mmoja na kinanda cha umeme kinachojifanya watu kumi.

Saa saba mchana nilishuka katikati ya mji nikaenda kuutazama ukumbi wetu. Ngazi ni zile zile. Juu wamekatakata ukumbi kwa mbao wakatengeneza vibanda vya kuuza simu na suruali. Pale tulipokuwa tukisimama sisi wapulizaji, alikaa dada mmoja akiuza vifuniko vya simu.

"Sasa, mzee. Nikuuzie cover gani?" aliniuliza.

Nilimwambia hapo alipokaa nilisimama miaka saba. Akanitazama, akasogeza kiti. "Basi kaa, mzee, upumzike." Sikukaa, nilikuwa nimekasirika mno.

Jioni Bwana Kariuki alinichukua kwa gari lake hadi Loresho. Nyumba ina ua mrefu, mbwa wawili wanene, na gereji ambayo haijawahi kuona gari, maana humo ndimo bendi inamofanyia mazoezi. Wametandika zulia jekundu. Nilimwuliza zulia la nini.

"Ya sauti, Mzee Hamisi. Inakata mwangwi."

Sisi mwangwi tuliutafuta kwa tochi. Lakini alinipa chakula kizuri na kitanda kizuri, nikanyamaza.

Alhamisi saa kumi bendi ilikusanyika. Kulikuwa na daktari wa meno, mawakili wawili, mwalimu, mtu wa bima, na wengine wa namna hiyo hiyo, watu wenye kazi zao za maana wanaopuliza kama wengine wanavyocheza gofu. Kila mmoja alisimamisha kichuma mbele yake na juu yake karatasi. Wakapiga wimbo mmoja wa zamani ambao niliujua. Noti zote zilikuwepo, sitawasingizia. Ila hakuna aliyemtazama mwenzake, wote macho kwenye karatasi kama watu wanaofanya mtihani. Kwetu Athumani aliinua bega la kushoto na watu watatu tukavuta pumzi moja. Upepo ungeingia gereji ile ukapeperusha karatasi, ungewanyamazisha wote tisa.

Aliyewaandikia karatasi hizo alikuwa binti anayeitwa Njeri, mwalimu wa muziki na mpiga tromboni, mwembamba, mwenye penseli nywelini. Akavuta kiti mbele yangu.

"Haya, mzee. Si utuimbie tu, mimi niandike."

Nilifumba macho nikaimba. Niliimba yote, kwa hisia, hata machozi yalinilenga. Nilipofumbua macho, watu tisa walikuwa wakitazama zulia.

"Ni hiyo?" aliuliza Bwana Kariuki.

"Ndiyo hiyo."

Njeri alinisomea alichoandika. Noti tatu, kimya kirefu. Noti mbili, kimya kingine. "Mzee, hapa katikati kuna nini?"

"Hapo napumzika."

"Wewe unapumzika. Na wimbo?"

Nilianza tena kuimba, nikapumzika pale pale.

Lazima niwaeleze ninyi ambao hamkupiga dansi. Siku zile bendi ziliibiana wapigaji. Leo uko nasi, kesho mwenye bendi nyingine amekuahidi suti na chumba, umehama na nyimbo zetu kichwani. Kwa hiyo Athumani alimfundisha kila mpulizaji peke yake, kwa sikio, nyuma ya ukumbi, mlango umefungwa, sauti yake tu, ili atakayenunuliwa aende na kipande na si wimbo. Tuliona ni akili nyingi. Jukwaani tulisikia wimbo mzima kila Jumamosi, ndiyo, lakini mimi nilikuwa nikiisikiliza saksafoni yangu. Miaka saba nilisimama ubavuni mwa Athumani nikijisikiliza mwenyewe. Niligundua hivyo katika gereji ya mtu, mbele ya daktari wa meno, na niliona aibu ambayo sijaiona tangu nivae kaptula.

"Mwingine nani alikuwa anajua?" Njeri aliuliza.

Nililitaja jina la Zablon huku nikitazama zulia.

Bwana Kariuki alipiga simu huku na huku, na kufikia usiku tulijua yuko Waithaka, pembeni mwa Nairobi. Ijumaa saa tatu asubuhi Njeri akanipeleka kwa gari lake dogo. Zablon ana karakana ya fanicha, vyumba vya kupangisha mbele ya nyumba yake, na kanisa la mabati lililo mbele kidogo ambako yeye ni mzee wa kanisa. Tulimkuta akipiga randa mguu wa kitanda. Amenenepa. Alinijua mara moja.

"Bwana asifiwe, Hamisi. Umekuja kunitukana ama umekuja kunisalimia?"

"Nimekuja kwa ajili ya wimbo."

"Hiyo mambo ya dansi mimi niliachana nayo."

"Ulituacha jukwaani, Zablon. Watu wamelipa."

"Hiyo nilitubu. Kwa Mungu na kwa Athumani mwenyewe kabla hajakufa. Wewe ndio ulikataa kuonekana." Akaweka randa chini. "Wimbo gani?"

Nilipoutaja aliangua kicheko. "Hiyo? Hiyo haikupotea. Hiyo tunaimba hapa kila Jumapili." Akamwita mkewe, mama mnene mwenye leso kichwani, akamwambia aimbe ile ya "Tunyeshee".

Mama yule akafuta mikono akaimba, "Tunyeshee, Bwana, tunyeshee." Alikuwa akiimba tarumbeta ya Zablon. Kila kona, kila mdundo wa kurukia, ila umevishwa maneno ya kanisa. Kanisa zima la mabati, miaka yote hiyo, limekuwa likiimba sauti ya tatu na kudhani ni wimbo.

"Huo si wimbo," nilisema. "Hicho ni kipande chako."

"Ndio wimbo huo! Tarumbeta ndio ilikuwa inabeba!"

"Tarumbeta ilikuwa inajibu. Saksafoni ndiyo iliyobeba."

"Yako?"

"Si yangu, ya Athumani. Haya, ilikwendaje?"

Zablon alianza kuimba, akarudi kwenye yake. Akaanza tena, akarudi tena. Akashika kiuno. Tukatazamana, wazee wawili wenye majivuno katikati ya vumbi la mbao, na hakuna aliyecheka tena.

Njeri akafungua ukurasa mpya. "Sasa imbeni pamoja. Kila mtu yake. Mzee Hamisi, usimfuate. Na wewe, mzee, usimpigie kelele."

Tuliimba. Mara ya kwanza tuligongana, ya pili tukaingia. Mimi ninapopumzika yeye anajibu, naye anaponyamaza mimi naingia, na katikati yetu pakabaki nafasi, wazi kabisa, pana kama mtu. Ilikuwa nafasi ya Athumani. Njeri alitufanya turudie mara sita, akiandika na kufuta. Mwishowe akatuambia tuendelee, akaingia pale katikati na sauti yake ndogo, akaijaza.

Zablon alikaa juu ya mbao. Mimi nilikwenda nje kutazama ukuta.

Jumapili saa tisa alasiri nilikuwa Westlands. Hoteli ina bwawa, na kando ya bwawa wamepanga meza zenye vitambaa vyeupe. Hapakuwa na nafasi ya kucheza. Watu walikaa na glasi zao wakitikisa vidole, na kila mtu akimaliza kupuliza peke yake wanampigia makofi katikati ya wimbo, adabu ambayo sijui waliitoa wapi. Mwanamke mmoja aliongea na simu yake kutoka wimbo wa kwanza hadi wa nne. Lembeni Jazz ingepigia meza zile, Athumani angeshuka jukwaani azipindue moja moja.

"Mvua ya Lembeni" waliupiga wa mwisho. Niliwatazama wale wapulizaji tisa na karatasi zao, nikangoja wakosee. Sauti ya kwanza aliipiga wakili mmoja, kama ilivyoandikwa na Njeri. Ilipanda mahali nilipodhani itapanda, kisha ikashuka mahali ambapo hata Ijumaa sikutegemea, taratibu, na glasi zikawekwa mezani. Hata yule mwanamke alikata simu. Ulipokwisha Bwana Kariuki alinikumbatia huku analia.

"Ndio yenyewe, mzee! Ndio yenyewe kabisa!"

Yeye ujanani alisikiliza akiwa nje, ukutani, na magari yanapita. Nilimpa pole yake ya machozi nikatoka.

Zablon alikuwa mlangoni pa maegesho, amevaa suti ya kanisani. Hakutaka kuingia panapouzwa bia, lakini spika zilimfikia vizuri. Nilimwendea haraka. Siku mbili nzima nilikuwa na neno moja tayari mdomoni, kwamba wamekosea, kwamba Athumani hakushuka vile. Ni neno dogo na ningelisema kwa furaha. Lakini nilihitaji mtu wa kunithibitishia.

"Zablon, ndivyo ulivyokuwa?"

Akanishika mkono.

"Hamisi," alisema, "hiyo ndio nilikuwa nangoja nikuulize wewe."

Tulisimama pale mpaka watu wakaanza kutoa magari yao. Sikumwomba msamaha kwa maneno na yeye hakunidai. Alinipa anwani ya kanisa, akasema nikija tena nilale kwake Waithaka na si kwa matajiri.

Jumatatu asubuhi nilipanda basi la kurudi. Bendi za siku hizi bado ni baridi, karatasi bado zinanichefua, na wanaokula wakati watu wanapuliza nitawadharau mpaka nife. Hayo hayakubadilika Nairobi. Kilichobadilika ni kwamba zamani niliwacheka kwa kuwa hawajui, na sasa nawacheka huku najua kwamba nilisimama karibu na muziki mkubwa kuliko wote niliousikia na nikauacha upite, nikijipenda. Athumani alifunga milango ili tusiibiwe. Mlango mwingine niliufunga mimi, sikioni mwangu mwenyewe.

Baada ya Namanga, mlima ulipoonekana, nilijaribu kumsikia Athumani. Nilifumba macho, nikangoja lile bega la kushoto liinuke, na liliinuka, nililiona vizuri kabisa. Kisha wimbo ukaanza, nao ulikuwa wa Njeri.