Buti za Baba Karibu na Jiko

Fundi viatu wa Buzuruga alinishauri nizipake buti zangu kuukuu mafuta ya ng'ombe kabla ya rangi. Leo nimeyayeyusha jikoni, na harufu yake imenirudisha kwa wazazi wangu.

Baba alikuwa bwana mifugo. Alizunguka kwa miguu vijiji vya ng'ambo ya Busisi, na buti zake za ngozi hakumwachia mtu kuzitunza. Jioni moja alirudi zimelowa chapachapa. Nikitaka kumfurahisha, niliziweka karibu na jiko la mkaa zikauke. Asubuhi zilikuwa zimekakamaa kama ubao na kupasuka kwa mbele. Mama alishaenda sokoni.

"Nani kaziweka hapa?" baba aliuliza.

"Mimi, baba."

Alivuta kigoda. "Ngozi haikaushwi motoni, binti yangu. Unajaza magazeti ndani, unaiacha kivulini, unasubiri."

Akazipaka mafuta, akazikanda kwa vidole mpaka miguu ikaingia kwa shida, akaondoka kuwahi kivuko.

Siku ya tatu alirudi amevaa kandambili, buti amezining'iniza begani. Visigino vilikuwa vimechubuka vibaya. Mama akamwosha kwa maji ya chumvi, huku akimuuliza kilichompata.

"Njia za kule ni za mawe matupu," baba akajibu.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na taulo mkononi. Nikampelekea. Akaipokea, akasema ahsante, akaanza kujifuta miguu taratibu.