Majani ya Nicholaus

Nicholaus alifariki mara tu baada ya Jumatano ya Majivu, akiwa amekwisha kufyeka shamba lao la mteremkoni Kigonsera na kupanga majani katika miraba. Kwa Wamatengo, kazi ya ngolo, kilimo chao cha mashimo, ina wenyewe: mume hupanga majani, mke huyafunika kwa udongo, na katikati ya kila mraba hubaki shimo la kushika maji ya mvua. Tadea, mjane wake, hakufunika. Msimu wa maharage ulikuwa unampita, majani yanakauka, naye hakutaka yaguswe na mtu. Shemeji yake Ildefonsi alipokuja na jembe kumsaidia, alimrudisha njiani.

Jumamosi hiyo jumuiya ilisali rozari nyumbani kwa Ildefonsi na mkewe Aurelia, mdogo wake Tadea. Baada ya sala, televisheni ikawashwa, maana kulikuwa na tamthilia mpya ya watu waliohamia sayari nyekundu. Tadea alikipenda chombo chao, kirefu kama mnara wa kanisa. Mashamba yao hakuyapenda hata kidogo. Udongo mtupu, bila jani. Mvua moja tu na wote utakuwa bondeni.

Ndipo kwenye tamthilia akatokea mjane. Mume wake alikuwa ameungulia angani, lakini mitambo ikamtengeneza upya, akabisha hodi na kuulizia chakula. Sebule nzima ikashangilia. Tadea hakushangilia. Alimwonea yule mwanamke wivu kama wa mke mwenza.

Aurelia akamwona. "Dada, ni maigizo tu."

"Najua. Lakini yeye kapewa," alisema Tadea. "Kasali hata Salamu Maria moja? Mimi magoti yameota sugu."

Kwenye kioo, mke alimpeleka mumewe kwenye bustani aliyoilima mume mwenyewe kabla ya kufa. Mume akaitazama, akauliza ni nani aliyepanda vile. Mke akacheka, akamwambia ni yeye mwenyewe.

Tadea akasogeza kiti mbele. Nicholaus alikuwa wa mkono wa kushoto, na miraba yake yote ililalia upande mmoja. Watu walimtania kwayo miaka yote. Nicholaus asingeuliza. Angeitambua hata kwa kupapasa.

Jumatatu alipanda mteremkoni na jembe. Alifunika mraba baada ya mraba, akifuata upogo wa mumewe bila kuunyoosha, na kabla ya wiki kwisha maharage yalikuwa ardhini.

Jumamosi iliyofuata alifika kwa Aurelia na udongo kwenye kucha. Kwenye kioo, yule mwanamke alikuwa mezani na mumewe, anacheka. Wivu ukarudi palepale.

"Bado unamwonea wivu?" Aurelia alimnong'oneza.

"Namwonea," Tadea akasema, akivuta kiti. "Ila wa kwake hajui kupanga majani."