Mlango Mmoja, Siku Moja

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Bukavu, Kongo, direkta wa shule alinisimamisha mbele ya watoto waliobanana kwenye madawati akaniambia jambo moja tu: "Madamu, hapa tunaanza na apeli." Apeli ndiyo kuita majina. Nilikuwa binti mwembamba na sauti ilinitetemeka, lakini nilipofika katikati ya majina ilitulia, na tangu siku hiyo darasani haijatetemeka tena. Ninyi mnaoanza ualimu sasa, simu mkononi, nawaambia mapema: mwalimu asiyejua majina ya watoto wake anaufundisha ukuta.

Vita vilinitoa Bukavu, nikafika Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, na diploma yangu imekunjwa ndani ya Biblia. Mwalimu mkuu wa kwanza niliyefanya kazi chini yake hapa alinipa darasa la kwanza, kwa sababu Kiingereza changu kilichechemea na Kichewa sikukijua kabisa. Aliyemfuata alinipandisha hadi la tano. Wa tatu, mwanamume mpole mwenye nyumba yake Area 18, mtaa wa Lilongwe, aliyejifunza Kiswahili kwa kutusikiliza tukibishana, alinikabidhi darasa la nane. Hapa Malawi hilo ndilo darasa la mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Ukifanya vizuri unachaguliwa kwenda sekondari, usipofanya vizuri unarudia, au unabaki nyumbani moja kwa moja. Azimio langu la kazi, yaani mpango wa masomo wa wiki kwa wiki, wakaguzi walikuwa wakiwaonyesha walimu wengine. Sitajifanya mnyenyekevu uzeeni: nilikuwa mwalimu mzuri.

Kisha korona ikafunga shule. Zilipofunguliwa, meneja wa elimu wa wilaya alileta agizo kwamba madarasa yasijae, watoto waje kwa zamu. Wenye majina ya ukoo yanayoanza na A hadi M waje siku moja, N hadi Z siku inayofuata, na kuendelea hivyo. Wazo lake lilikuwa jema. Alitaka ndugu wa nyumba moja waje pamoja, ili ugonjwa usihame kutoka zamu hii kwenda ile kupitia watoto wanaolala kitanda kimoja.

Ofisini kila mwalimu alilipokea agizo kwa hofu yake. Wenzetu Wamalawi walisema barakoa hazitoshi na wao hawakuajiriwa ili wafe. Sisi walimu wakimbizi tuliuogopa ugonjwa vilevile, ila tuliogopa zaidi kuonekana wabishi kwenye nchi ya watu. Mwalimu mkuu alitusikiliza wote, akavaa miwani yake.

"Agizo la wilaya linatekelezwa kwanza," alisema. "Malalamiko yatafuata."

Tukatekeleza. Haukupita muda nikaona kiti cha Esther Nsimire kiko wazi, siku ya zamu yake na siku nyingine ya zamu yake. Esther alikuwa wa kwanza kwa hesabu, na kichwani mwangu nilikuwa nimekwisha kumvalisha sare ya sekondari. Nilidhani amekwenda kutafuta kazi za nyumbani Lilongwe kama wasichana wengine wa mwaka ule. Niliumia sana.

Malalamiko nayo yalizidi, mwalimu mkuu akaitisha mkutano wa wazazi uwanjani, kila mtu akae mbali na mwenzake. Mama Esther, mjane anayeuza vitenge soko la Mchesi, Lilongwe, hakungoja kupewa nafasi.

"Nyinyi balimu munakula mushahara, batoto betu banaoza mu nyumba," alisema, akinitazama mimi. "Leo badogo ya Esther banaenda ku masomo, Esther anabaki. Kesho njo siku ya Esther, badogo banabaki. Mi niko ku soko tangu asubui. Nani atabachunga? Esther. Sasa huyu mutoto atasoma siku gani?"

"Lakini ni ndugu, mama," alisema mwalimu mkuu. "Mbona wako zamu tofauti?"

"Kwani jina iko moja? Mukubwa ni Nsimire. Anayemufuata ni Bisimwa. Mudogo ni Cikuru. Kila mutoto na jina yake. Kwetu njo hivyo."

Uwanja mzima ukaguna kukubali. Kwa Wamalawi wengi watoto hubeba jina la baba. Kwetu kila mtoto hupewa lake, na tumbo moja linaweza kutoa alfabeti nzima. Meneja angejuaje? Sisi walimu wa Kikongo tulilisoma agizo lile kwa sauti, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka.

Kesho yake mimi na mwalimu mkuu tulimfuata meneja Lilongwe, alikokuwa na kikao. Alitupokea amesimama.

"Tunaomba kugawa kwa mlango, bwana," nilisema. "Watoto wanaokula sufuria moja waje siku moja."

"Nikiwakubalia ninyi, kila shule itataka utaratibu wake."

"Ulitaka ndugu waje pamoja. Sisi tunataka hilohilo. Alfabeti ndiyo imewatenganisha."

Alivuta kiti, akakaa. "Nani atapanga upya?"

"Sisi. Tutapita nyumba kwa nyumba."

"Na zamu moja ikizidi?"

"Watakaozidi nitawafundishia nje."

"Mkishindwa, tunarudi kwenye alfabeti."

"Zikomo, bwana," alishukuru mwalimu mkuu upesi, akanivuta mkono kabla mtu hajabadili mawazo.

Wenzangu walinuna waliposikia habari ya kutembea, lakini walitembea. Tulipita kambi nzima tukiuliza mlangoni nani analala humu. Jumatatu iliyofuata Esther aliingia getini na wadogo zake wawili, akawapeleka madarasani mwao, akaja kukaa mbele yangu. Alikuwa ameachwa nyuma kwenye sehemu na asilimia. Nilimbakiza kila siku ya zamu yake baada ya masomo mpaka akalingana na wenzake, kisha akawapita.

Nimestaafu sasa, na walimu vijana wa shule huja kuniuliza walimu wafanye nini wakubwa wakiamua mambo bila kuwauliza. Nawajibu: likubalini agizo, mlishushe mpaka majumbani, kisha mtazame linakwamia wapi. Likikwama, pandeni nalo juu tena, na mseme bila kutetemeka.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, Esther alichaguliwa. Mama yake alinikuta njiani nikitoka kanisani, akanishika mikono yote miwili.

"Madamu, siku ile nilikutukana mbele ya bantu."

"Nakumbuka, Mama Esther."

"Sikuje kuomba musamaha," alisema. "Nikuulize tu. Ningenyamaza, mungejua?"

Barabarani pale, mbele ya waumini wote, nilimpa jibu la kweli. Tusingejua.