Poster Yetu ya Horror Ilivyofanya Mashimoni Waomboleze Mtu Mwenye Yuko Hai

Wakuu, niaje wote wa humu.

Mimi huwa napita tu nikisoma nyuzi za watu halafu naenda zangu. Lakini hii imenikaa kwa roho, nikaona niiandike vile ilikuwa, bila kuongeza chumvi. Majina ya watu nimebadilisha. Mengine ni ukweli mtupu.

Mniite Nafula. Nimelelewa Kawangware, na saa hii naishi upande wa Riruta Satellite na dadangu mkubwa Nekesa, mwenye ana salon Kawangware. Nasomea filamu kwa college moja hapa Nairobi, sitaitaja.

Mwaka wa mwisho kila kikundi hutengeneza filamu fupi, pamoja na poster na trailer za kuitangaza. Kikundi chetu kilikuwa mimi na jamaa anaitwa Odhis, mtu wa Kambi Muru, Kibera. Yeye director, mimi camera na design.

Filamu yetu ni horror, ya kutisha. Inaitwa Nani Anabisha. Kuna mama anaishi peke yake kwa plot ya vyumba vya kupanga, chumba cha jirani kimefungwa miaka, na kila jioni anasikia mtu akibisha ukuta kutoka upande ule. Hakuna damu, hakuna jini la plastiki. Ni kubisha tu.

Kwa nini horror? Tulichoka. Ukisema umeshoot Kibera, watu washajua watakachoona: mtoto analia, mtaro wa maji taka, kinanda cha huzuni. Odhis aliniambia, "Kwani sisi hatuogopi vitu kama watu wengine? Mlango. Giza. Jirani humjui."

Nikamwambia twende kazi.

Actress wetu alikuwa Mama Rozi, mama anauza samaki Mashimoni, hapo hapo Kibera. Hakuwa ameigiza popote isipokuwa Krismasi kanisani, lakini huyo mama akinyamaza mbele ya camera, unasikia baridi kwa shingo. Alitupatia muda wake wote kwa roho safi.

Sasa tukafika kwa poster.

Madam, lecturer wetu, alikuwa amesisitiza sana mambo ya conventions za genre, yaani zile alama watu wamezoea kwa kila aina ya filamu. "Mtu anapita na haraka zake," alisema. "Macho yake yanaamua hiyo ni filamu ya aina gani kabla asome neno hata moja." Nikaitikia kwa kichwa kama wengine.

Halafu nikaenda kutengeneza chenye nilipenda.

Nilikuwa na picha moja ya Mama Rozi, anaangalia camera moja kwa moja, anatabasamu kidogo, mwanga umegusa shavu moja. Picha tamu sana. Nikaifanya black and white. Nyuma nikaweka nyeusi tupu.

Chini ya uso nikaandika jina lake lote kwa herufi kubwa, Pamela Akinyi, kwa sababu ndiye star. Chini ya jina: "Hatarudi tena." Hiyo ni kwa sababu mwisho wa filamu anaingia kile chumba na hatoki.

Halafu: Jumamosi, saa nane mchana, ukumbi wa kanisa. Pastor alikuwa ametupatia ukumbi.

Jina la filamu nikaliweka kule chini kabisa, dogo, kwa sababu nilikuwa nimesoma mahali kwamba design yenye class haipigi kelele.

Wale mnasoma mkiwa makini, najua mshaona.

Sisi hatukuona.

Alhamisi asubuhi tukabandika Mashimoni na Kambi Muru. Kwa kibanda cha maji, kwa posho mill ya kusaga unga, kwa mageti ya plot. Watu walikuwa wanasimama, wanaangalia, wananyamaza. Mama mmoja alitikisa kichwa akaniambia, "Aki pole sana." Nikamwambia asante. Nilidhani picha imemgusa.

Nilirudi Riruta nikiwa na furaha ya kuimba. Mchana Odhis akapiga simu.

"Nafula, kuja Mashimoni. Kuja saa hii."

"Kuna nini?"

"Watu wanamlilia Mama Rozi."

"Amefanya nini?"

"Amekufa. Kulingana na poster yetu."

Nilipofika, viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa nje ya nyumba yake. Wamama wa kikundi chake cha kanisa walikuwa wanaimba. Mzee mmoja alikuwa ameshaanza kuuliza mwili uko mochari gani.

Mwenyewe alikuwa ametoka mapema kwenda sokoni kuchukua samaki, na simu yake ilikuwa imeisha charge. Hakuna mtu angempata.

Sasa wakuu, hapa ndio huwa nashindwa kuelezea. Mama Rozi alitokea kwa kona na karai kichwani. Akaona umati mlangoni kwake. Akasikia nyimbo. Yeye hakujua ni yeye analiliwa. Ana mtoto mmoja tu, Rozi, na huyo yuko shule ya boarding.

Karai ilianguka. Samaki wakamwagika kwa matope. Akapiga nduru, "Rozi! Rozi wangu! Mmesikia nini kuhusu Rozi?"

Na wale wamama walipomwona, nao wakapiga nduru. Wawili walikimbia. Mmoja alikaa chini hapo hapo.

Ilichukua muda watu waelewane. Mtu akamletea poster. Akaishika kwa mikono miwili, akaiangalia, halafu akaniangalia mimi.

"Nafula," akasema polepole. "Mmeniua?"



Na haikuwa imeisha. Habari ilikuwa imeshafika nyumbani kwao, kule upande wa ziwa. Mama yake mzazi, nyanya mzee sana, alikuwa ameambiwa. Odhis akapiga video kwa simu yake, jirani wa kule akashika ndio nyanya aone binti yake yuko hai. Nyanya akakataa kuamini. Alisema siku hizi watu hutengeneza mambo mengi kwa simu.

Mimi sisikii Kijaluo, kwa hivyo Odhis alikuwa ananitafsiria kwa sikio. "Anamuuliza, kama wewe ni Akinyi wangu, kovu ya goti ulipata wapi?"

Mama Rozi akainua goti akalionyesha simu. Akajibu huku machozi yanamshuka.

"Anasema ni kwa mapera ya mwalimu," Odhis akasema. "Alikuwa anaiba, akaanguka."

Nyanya akaanza kulia upya. Lakini hicho kilio kilikuwa kingine kabisa.

Mama Rozi alipokata simu, hakutukana. Ingekuwa afadhali atukane. Alisema tu, "Hiyo sinema haitaonyeshwa," akaingia ndani akafunga mlango.

Tulianza kutoa posters mchana huo huo. Tulikuwa tumetumia gundi ya unga, na hiyo ikikauka kwa mabati haitoki. Tulikwaruza na vijiko. Odhis alibisha plot baada ya plot akieleza watu ni filamu, mama yuko salama. Wengine walicheka. Wengine walitufukuza, na walikuwa na haki.

Nilimuuliza, "Sasa tuandike story ingine?"

Akaendelea kukwaruza. "Hapana. Filamu iko sawa. Chenye tuliweka nje ndio kilidanganya watu. Hicho ndio tutarekebisha."

Kutoka hapo nikakata shauri. Hii kitu tutaimaliza, na tutaimaliza vizuri.

Asubuhi yake nikampelekea Madam poster, nikamweleza kila kitu. Nilingoja anikaange. Aliiweka kwa meza akauliza, "Ukipata hii kwa ukuta kwenu, utasema ni nini?"

"Tangazo la mazishi."

"Basi ulifuata conventions. Za mazishi."

Akanieleza, na hii naomba mwanafunzi yeyote wa filamu aishike. Tangazo la kifo linakuonyesha uso wote na jina lote, kwa sababu linataka umtambue marehemu na ujue pa kwenda. Poster ya horror inafanya kinyume. Inaficha. Inakupa nusu ya kitu, mkono, mlango, kivuli, ndio akili yako imalizie yenyewe. Rangi nyeusi ziko nayo zote mbili. Tofauti ni kile kiko ndani ya hiyo nyeusi.

Tukaomba siku ya kuonyesha isogezwe wiki kadhaa mbele. Pastor akakubali, lakini alisema Mama Rozi asipokubali, ukumbi hatupati.

Kwa hivyo tukaenda kuomba msamaha. Nekesa akakataa twende wawili. "Kwa makosa kama hayo hamwendi kama watoto," alisema. "Mnaenda na mtu mzima." Akafunga salon, akatupeleka yeye mwenyewe.

Nekesa aliongea kwanza. Hakututetea. Alisema, "Mama, hawa wamekukosea, na wanajua. Wamekuja wakusikie."

Mama Rozi alituonyesha pa kukaa. Halafu akasema, "Uso wangu sitaki kuuona kwa ukuta tena. Jina pia. Tengenezeni ingine, mniletee mimi kwanza. Nikiikubali, mtaonyesha. Nikiikataa, mnafuta sinema yote."

Tukakubali. Tungefanya nini?

Jaribio la kwanza niliweka nyekundu mingi, na herufi zinadondoka damu, kama zile posters zote nilikuwa nimeona kwa simu. Mama Rozi akaangalia mara moja. "Hii ni ya butchery."

Na wakuu, alikuwa na ukweli. Nilikuwa nimetoka kuruka sheria zote, nikaenda kukopi sheria zote bila kuuliza filamu yangu inaogopesha na nini. Ya kwetu hakuna damu popote. Ukiahidi damu na hakuna damu, umedanganya mtu mara ya pili.

Tukarudi kwa story. Inaogopesha na nini? Mlango, na sauti.

Tukaziba dirisha la Odhis na blanketi mchana, tukashoot mlango wake wa mabati kutoka ndani. Giza pande zote, mstari mwembamba wa mwanga chini ya mlango, na kwa huo mwanga vivuli vya miguu miwili ya mtu amesimama nje. Karibu na komeo, mkono wa mwanamke, haujagusa bado.

Mkono ni wa Mama Rozi. Alikubali mkono.

Herufi za jina hatukutafuta kwa computer. Odhis alichukua kipande cha mabati na msumari, akachora NANI ANABISHA, nikapiga picha. Maandishi yalitoka yamepindapinda, kama yameandikwa na mtu ana haraka. Tukayaweka makubwa. Juu yake: filamu fupi ya kutisha. Chini, neno moja: Usifungue.

Kabla tumpelekee, niliibeba pamoja na ile ya zamani kwa salon ya Nekesa, Kawangware. Nilikuwa naonyesha wateja wakiwa chini ya dryer, nahesabu sekunde kidogo tu, naficha, halafu nauliza ni nini wameona. Ile ya zamani, mmoja alisema, "Pole, alikuwa wa kwenu?" Hii mpya, dada mmoja alishika kifua. "Ai! Huyo nani amesimama nje?"

Hakuuliza ni tangazo la nini. Aliuliza swali la filamu.

Trailer pia nikaikata upya. Ya kwanza ilikuwa na kinanda cha kanisani na ilikuwa inasimulia story yote mpaka mwisho. Sasa inaanza na mama anasonga ugali, redio inaongea, maisha ya kawaida. Kubisha mara moja. Anazima redio. Kimya. Tunangoja mpaka mtazamaji achoke kungoja, halafu kubisha tena, karibu zaidi, na skrini inazima. Hatuonyeshi kitu.

Mama Rozi aliiangalia poster ikiwa kwa mapaja yake.

"Huyu ni mimi?"

"Ni mkono wako, Mama."

"Unatisha." Halafu akacheka, mara ya kwanza tangu ile siku. "Haya. Bandikeni."

Jumamosi ya kuonyesha, ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwa madirisha. Wale wamama waliokuwa wanaimba mlangoni walikuja wote, wakakaa mstari mmoja na Mama Rozi katikati. Filamu ilipofika kile chumba, watu wote walijikunyata. Nilikuwa nimesimama kando, siangalii skrini, naangalia watu. Mama Rozi alikuwa ameficha uso kwa bega la mwenzake. Anajiogopa mwenyewe!

Taa zilipowaka, watu walipiga makofi, halafu wakaanza kubishana nani alikuwa anabisha. Mpaka nje walikuwa wanabishana. Madam alikuwa nyuma kabisa anaandika, na marks zilikuja nzuri, lakini hizo makelele za pale nje ndio zilinitosha.

Mama Rozi alinishika mkono kwa mlango. "Filamu ingine iwe ya kuchekesha," akasema. "Na mama yangu kule nyumbani aonyeshwe poster mapema, kabla majirani wampigie."

Somo langu ni hili. Convention si pingu. Ni lugha ambayo watu wa mtaa wako tayari wanaisoma, wewe utake usitake. Unaweza kuipindua, lakini kwanza ujue unasema nini kwa hiyo lugha. Na mtu mwenye uso wake uko kwa poster ndiye wa kwanza kuiona, si wa mwisho.

Haya, nimemaliza. Wenye mmewahi kutangaza kitu, iwe filamu, biashara ama harusi, na watu wakaelewa kingine kabisa, mwageni hapa chini. Na wale wa design, niambieni ukweli: hiyo vivuli ya miguu mngeiacha ama mngetoa?