Uji wa Mzazi Hauonjwi

"Usinikunjie pua, Saada! Umejifungua juzi tu, leo ushajua kuliko walionizaa mimi?" Ndivyo nilivyomkaripia mjukuu wangu alipousukuma uji wa pilipili manga, akasema hayo mambo ya kizamani. Nikamwambia anisikilize, maana hili sikuhadithiwa. Nilikuwamo, na mkosaji nilikuwa mimi.

Nilipokuwa mtoto wa miaka saba, katika miaka ya hamsini na kitu huko, tulikaa Kikwajuni, watu kumi na mmoja nyumba moja. Mama alikuwa chumbani na kitoto cha siku tatu, na maziwa yamekataa kutoka. Bibi akampikia uji uani: unga wa mchele, tui zito, sukari, na pilipili manga ya kukutoa kamasi. Akanikabidhi bakuli.

"Mpelekee mama yako. Na usionje! Anayeuonja uji wa mzazi humnyang'anya mtoto maziwa."

"Naam, Bibi."

Naam ya mdomoni. Nyuma ya mlango, penye mtungi wa maji, nikapiga funda moja. Loo! Moto na utamu vikashuka pamoja mpaka masikio yakanisimama. Nikapiga la pili, la tatu. Nilipotanabahi, bakuli nusu. Nikajazia maji ya mtungi, nikakoroga kwa kidole.

"Mbona leo mwepesi hivi?" Mama akauliza.

"Umepoa, mama."

Uji ukipoa huwa mzito, lakini mwongo wa miaka saba hajui kupika.

Alasiri kitoto kikalia mpaka sauti ikawa ya paka. Kifua cha mama kikavu. Jirani yetu Bi Zuhura alikuwa amekuja kumwangalia mzazi, Bibi akamkabili ukumbini, amefura.

"Kuna mtu kaonja. Na weye ndiye uliyepita uani asubuhi."

"Mie? Nimenyonyesha wanane, nije kuiba maziwa ya mjukuu wako? Mtafute mwizi humu humu ndani!" Akalivuta buibui lake aende zake, machozi yakimlenga.

Mara kitoto kikanyamaza. Nikajua kimekufa, nimekiua mimi.

"Ni mimi!" nikapiga ukelele. "Ni mimi, Bibi!"

"Pumua." Akaninusa kinywa. Hakunipiga. Kitoto kilikuwa kimechoka tu. Akanikalisha penye kinu nitwange pilipili nyingine, machozi yakinitiririka, na Bi Zuhura akarudi kukuna nazi bila kuombwa. "Twanga, mwizi wa maziwa!" akanicheka. Mama akanywa mabakuli mawili, akatoka jasho, akalala. Kabla ya magharibi nikasikia kitoto kinameza, gudu, gudu! Nikaruka ukumbi mzima kama niliyepewa Idi mbili kwa siku moja.

Nimezaa sita tangu hapo. Hospitali husema ni maji na usingizi, si pilipili, wala sibishani nao. Lakini katika nyumba ya watu kumi na mmoja wenye njaa, nani angemwachia mzazi bakuli zima pasipo woga ule? Tungeonja sote, na mama angekwangua sufuria. Bibi hakusoma hata darasa moja, na hilo alilijua.

Mume wa Saada akachungulia, harufu imemleta, akauliza kama uji umebaki.

"Umebaki wa mkewe mtu," nikamwambia.

Nikampa Saada bakuli mkononi, nikamswaga yule bwana mbele yangu, nikatoka, nikaufunga mlango.