Simu Iliyotoa Taarifa

Jumatatu asubuhi nilipanga foleni katika ofisi ya kampuni inayouzia mtaa wetu maji hapa Kitengela. Mifereji imekauka wiki ya tatu sasa, na maji ya lori la boza yana chumvi ya kuharibu chai. Tukaambiwa afisa wa mawasiliano atazungumza nasi.

Akatoka kijana nadhifu, akaanza kusoma kwenye simu yake: "Kampuni inatambua kwamba huduma imepungua katika baadhi ya maeneo..."

"Imepungua aje?" akauliza mama mmoja, akigonga jerikeni lake tupu. "Hakuna maji. Sema hakuna."

Afisa akainua kiganja kama trafiki. "Mama, hilo neno hatulitumii."

Mara simu ikaita. Kidole kikateleza, na sote tukamsikia mkewe kwenye spika: "Baba watoto, hata ya choo imeisha. Hii maji inarudi lini?"

Maskini, akamjibu kikazi: "Suala hilo linashughulikiwa."

"Wacha hiyo ya ofisi! Si uliniambia pampu ilichomeka na hata hawajaagiza ingine?"

Wiki tatu tumepiga simu, tumeandika barua, tumesomewa taarifa zilizopigwa pasi vizuri kuliko shati la msomaji. Wa kwanza kutueleza ukweli ni mtu ambaye kampuni haijamwajiri.

Afisa alikuwa akihangaika kuzima spika. Mama wa jerikeni akamshika mkono, akainamia ile simu.

"Mama watoto," akasema kwa heshima, "usikate. Endelea."