Vazi Jeusi la Mama wa Huzuni

Kwa muda mrefu niliamini kwamba Leonila Magsumbol aliwachukia wageni. Nyumba yangu inatazamana na yake, na mwaka baada ya mwaka nilimwona akiwafungia madirisha usoni wale watu wa Manila wanaoshuka mabasini asubuhi, wakasifu nyumba zetu za mawe na mbao, wakapiga picha roshani zetu, wakanunua wali wa kunata uliofungwa majani ya mgomba, kisha wakarudi kwao jioni wakiamini kwamba wameshaujua mji. Nilikosea, au labda niliona nusu tu. Chuki ya Leonila ilikuwa na mtu wake, naye aliishi karibu zaidi: Puring, mjane wa kaka yake, aliyelala upande wa pili wa ukuta wa mbao.

Leonila alikuwa fundi cherehani. Hakuolewa, na maishani mwake alikuwa na jambo moja tu ambalo hakugawana na mtu. Marehemu mama yake alimwachia kazi ya kumvika Mama wa Huzuni, sanamu ya ukoo wao inayofuata jeneza la Bwana katika maandamano ya Ijumaa Kuu. Kazi hiyo hufanywa na mwanamke wa ukoo, mlango ukiwa umefungwa na wanaume wametoka nje, kwa sababu kilichochongwa ni uso na mikono tu. Kuanzia shingoni kwenda chini, Mama ni fito zilizopigiliwa misumari. Sote tunalijua hilo, na hakuna anayelisema.

Nyumba, hata hivyo, ilikuwa ya wanawake wote wawili. Puring alitaka kuwafungulia wageni siku ya Alhamisi Kuu, siku ambayo watu hufunga safari ya kuzuru makanisa saba kwa siku moja, mji baada ya mji.

"Sebule tu, Ate," alisema. Alimwita hivyo, dada mkubwa, hata walipokuwa wakitukanana. "Waone viti, waone ngazi, waende zao. Paa linavuja, au hulioni?"

"Naliona. Na wewe nakuona. Masikini kaka yangu, alidhani ameoa mke, kumbe ameoa dalali."

"Na mama mkwe alidhani amezaa binti, kumbe kazaa kufuli."

"Kufuli hilo ndilo lililokutunzia nyumba unayotaka kuigeuza choo cha stendi!"

Alhamisi ilipofika, Leonila alijifungia chumbani, mdomo umejaa pini, Mama akiwa bado fito tupu na wigi lake limelazwa kitandani. Akasikia viatu sebuleni, viatu vingi. Puring alikuwa amefungua. Haukupita muda, mlango wa chumba ukasukumwa, komeo lake kuukuu likang'oka, na mwanamke mwenye miwani ya jua kichwani akachungulia.

"Samahani, choo kiko..." Akaziona fito, akacheka, si kwa ubaya, nadhani. "Jamani, njooni muone! Kumbe ni mbao tu!" Simu ikainuliwa.

Leonila hakuweza kupiga kelele mpaka azitoe pini. Alizitema kiganjani, na alipomaliza, picha ilikuwa imeshapigwa.

"Toka! Toka, usiye na mama wewe!"

Akarusha beseni la maji ya maua. Mgeni alikwepa, yakampata Puring, aliyekuja mbio.

"Nilimkataza asipite, Ate," Puring alisema, maji yakimtiririka kidevuni. "Haki ya Mungu... naapa mbele ya Mama mwenyewe, nilimkataza."

"Nani alimfungulia mlango wa mtaani? Mimi? Basi kesho mvike wewe."

Ijumaa, Leonila alitangaza kwamba Mama hatoki. Ameshatazamwa vya kutosha. Vazi jeusi la msiba alikuwa amelificha. Paroko alikuja akamsihi, akaondoka. Majirani wakakusanyika chini ya dirisha.

"Leonila! Bwana azikwe bila mama yake?"

"Muulizeni Puring! Si ndiye mwenye wageni?"

Paroko akamgeukia Puring, akamwambia maandamano hayawezi kwenda bila Mama. Kabatini lilibaki vazi moja tu, jeupe lenye nyuzi za dhahabu, lile la alfajiri ya Pasaka, Mama anapokutana na Mwanawe aliyefufuka. Puring akamvika hilo.

Basi jeneza likapita, mishumaa ikapita, na nyuma yake akaja Mama aking'aa, kama mtu anayekwenda harusini nyuma ya maiti ya mwanawe. Wanawake walifunika midomo. "Kafurahia nini huyu?" mmoja alinong'ona. Wageni peke yao walipendezwa. Walisema hawajaona kitu kizuri kama hicho katika makanisa yote waliyozuru. Puring alitembea kando ya gari la sanamu, macho chini, na Leonila, akiwa amesimama mlangoni pa duka la mikate, alipaza sauti ili asikike na wote.

"Haya, jioneeni wenyewe! Ndiye huyo aliyetaka kushika funguo!"

Alishinda. Tangu siku hiyo hakuna aliyemhoji kuhusu kazi yake, mlango ulibaki umefungwa, na paa liliendelea kuvuja. Puring alihamia kwa dada yake mjini Lipa, nasi tukaona ni haki. Mwanamke anayemvika Mama nguo za sherehe siku ya msiba, tulisema, hafai kukaa naye nyumba moja.

Nilimtembelea Puring huko Lipa mwaka uliofuata. Tulikunywa kahawa, na aliposimulia hakuwa akinilaumu wala kujitetea. Vazi jeusi lilikuwa chini ya godoro la Leonila. Puring aliligusa asubuhi ile ya Ijumaa alipokuwa akimtandikia kitanda, kama alivyomtandikia kila siku tangu wifi yake aumie goti. Alilinyoosha lisijikunje, akalirudisha palepale, akatandika shuka juu yake.